Tulifunga Ndola

Agosti 1979, mjini Ndola, Zambia, Peter Tino aliisawazishia Taifa Stars zikiwa zimebaki dakika chache mchezo kumalizika. Tanzania ilikuwa imeshinda bao moja kwa bila jijini Dar es Salaam, hivyo sare ya bao moja kwa moja ugenini ikatosha kuipeleka Lagos, kwenye fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za Machi 1980. Zilikuwa fainali zetu za kwanza, na tusingezifikia tena kwa miaka 39.

Wanafunzi wangu wengi huijua habari hiyo kama sehemu ya hadithi za wazee. Mimi nimekuwa nikiitaja darasani kwa sababu nyingine: ni tukio adimu la furaha katika mwaka mgumu. Majeshi yetu yalikuwa yameingia Kampala tarehe 11 Aprili mwaka huo. Vita vilikuwa vimekomba hazina, bei ya mafuta ilikuwa imepaa, na Mwalimu Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. (Waliokuwa watu wazima wakati ule watakwambia kuwa miezi hiyo kumi na minane ilikuwa mirefu kuliko kalenda yoyote.) Sukari, sabuni, khanga na betri za redio vilianza kutafutwa kwa foleni na kwa kujuana. Katika hali hiyo, watu ambao hawakuwa na desturi ya kufuatilia mpira wakajikuta wanaufuatilia. Ni hao ninaotaka kuwazungumzia leo: watu wanaoingia katika ushabiki kwa mlango wa mashindano makubwa, ambao wenyeji wa mpira huwadharau na kuwaita mashabiki wa msimu.

Hapa kwetu ushabiki wa klabu ni suala la ukoo. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, Simba mwaka uliofuata, na tangu hapo mtoto huzaliwa akiwa upande fulani kama anavyozaliwa na jina la babu yake. Anaweza kuhama dini au chama kwa urahisi zaidi kuliko kuhama klabu. Timu ya taifa haina watoto wa namna hiyo. Haichezi kila wiki, wala haina mtaa wake. Mshabiki wake ilibidi apatikane upya kila fursa ilipojitokeza. Kwa hiyo, mwanahistoria anayetaka kujua ni lini na kwa njia gani Watanzania walijihisi kuwa watu wamoja hana budi kumchunguza huyu mshabiki wa msimu kwa makini zaidi kuliko yule wa kudumu.

Benedict Anderson alilitafuta taifa katika gazeti la asubuhi. Kwetu ilikuwa redio. Televisheni Zanzibar waliipata mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bara tulikaa bila hiyo hadi mwaka 1994. Lakini Radio Tanzania Dar es Salaam ilifika hadi vijijini, na serikali ilikuwa imewafundisha watu kuisikiliza kwa pamoja. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi, chini ya miti na katika madarasa, kila kikundi kikiwa na kiongozi, kitabu na redio. Walisikiliza kipindi kuhusu malaria au vyoo, wakajadili, wakaenda kuchimba. Wataalamu wa elimu ya watu wazima wameiandika sana kampeni hiyo. Wamezungumzia kidogo mno jambo moja: watu waliozoea kuketi kuizunguka redio kwa ajili ya vyoo hawakuiacha tabia hiyo vyoo vilipokwisha kuchimbwa.

Januari 2024 nilikwenda Mkiwa, wilayani Ikungi, mkoani Singida, kukusanya simulizi za wazee kuhusu vikundi hivyo. Anayesafiri kati ya Dodoma na Singida atapakumbuka Mkiwa kwa njia panda yake: hapo barabara inachepuka kwenda Itigi na Rungwa, kisha inaendelea kusini mpaka mkoani Mbeya. Malori yanasimama, mama lishe wanafunua masufuria, vijana wanakimbilia madirisha ya mabasi na kuku, vitunguu na madumu ya mafuta ya alizeti. Ulikuwa msimu wa mvua na wazee wengi walikuwa mashambani hadi alasiri, kwa hiyo mahojiano yangu yaliangukia jioni, na jioni za mwezi ule zilikuwa na mshindani. Fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika zilikuwa zinachezwa Ivory Coast, na Tanzania ilikuwamo.

Mzee mmoja, mkulima wa uwele na alizeti aliyekaribia miaka themanini, alinipa jioni tatu. Nilimuuliza habari za Mtu ni Afya, akanijibu kwa subira. Kisha bila kuulizwa akaingia Ndola. Alisema redio ilikuwa moja, na betri zilikuwa zimechoka, wakazianika juani tangu asubuhi ili zipate nguvu ya dakika tisini. Walikusanyika palepale walipozoea kusikilizia vipindi vya afya. Wanawake waliokuwa wanatoka kisimani walisimama na ndoo vichwani, wakidhani kuna tangazo la vita. Wengine walisikia neno “kona” kwa mara ya kwanza siku hiyo na wakauliza ni kona ya barabara ipi.

“Tukafungwa bao moja,” alisema. “Tukabanwa, tukabanwa kweli. Halafu tukasawazisha. Tulifunga Ndola, mwanangu.”

Mzee huyu, kwa maelezo yake mwenyewe, hajawahi kuvuka mpaka wa nchi. Kabla ya siku ile hakujua jina la mchezaji hata mmoja. Lakini katika kanda niliyorekodi, hakuna mahali anaposema “walifunga” akimaanisha Taifa Stars.

Nilipoendelea kusikiliza kanda ile usiku, sikio langu likakamatwa na kitu kingine. Dakika chache kabla ya Ndola tulikuwa tumezungumza juu ya Operesheni Vijiji. Msomaji anajua kuwa Novemba 1973 kuishi katika vijiji kulitangazwa kuwa amri ya kutekelezwa ifikapo mwaka 1976, na kwamba utekelezaji wake sehemu nyingi ulikuwa wa magari, mgambo na moto. Mzee alisema: “Walikuja. Walituhamisha. Walitwambia tujenge hapa.” Serikali hiyo ilikuwa ya TANU, chama alichokuwa na kadi yake na ambacho mpaka leo anakisifu. Hata hivyo, ilipohamisha watu, katika sarufi yake ilikuwa ni wao. Na kuhusu vyoo, kiambishi kilibadilika katikati ya sentensi: “Walitwambia tuchimbe, lakini tulichimba wenyewe, na kipindupindu hatukukiona.”

Nawaomba watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu wakae kidogo na sentensi hiyo kabla hawajaendelea. Ndani yake kuna tathmini ya sera tatu iliyotolewa na mtu ambaye hakuna mtaalamu aliyewahi kumpa dodoso: sera aliyofanyiwa, sera aliyoambiwa kisha akaifanya yake, na timu ambayo hakuna aliyemwamuru kuipenda.

Lagos yenyewe haikutupa mengi. Tarehe 8 Machi 1980 wenyeji Nigeria walitufunga mabao matatu kwa moja, bao letu likifungwa na Juma Mkambi, aliyeitwa Jenerali. Misri wakatufunga mawili kwa moja. Na Ivory Coast tukatoka sare ya moja kwa moja, mabao yetu katika michezo hiyo miwili yakifungwa na Thuwein Ally. Pointi moja, safari ya kurudi, na Nigeria ikatwaa kombe kwa kuifunga Algeria mabao matatu. Kikosi kile kiliongozwa na nahodha Leodegar Tenga, ambaye baadaye alikuja kuwa rais wa shirikisho la soka nchini, na katika benchi lake la ufundi alikuwamo Joel Bendera, aliyekuja kuwa naibu waziri na mkuu wa mkoa. Naona si bahati tu kwamba kizazi kile kilitoa viongozi. Kilikuwa kimeonja kuitwa “sisi” na watu kisiowajua.

Kilichofuata ni ukame. Rais Ali Hassan Mwinyi aliufananisha mpira wetu na kichwa cha mwendawazimu, ambacho kila kinyozi hujifunzia kunyolea, na usemi huo ukatukaa kwa sababu ulikuwa wa kweli. Katika miaka hiyo Mtanzania aliendelea kuwa mshabiki wa msimu, ila wa wengine. Alikuwa Mkameruni mwaka 1990 walipoifunga Argentina, Msenegali mwaka 2002 walipoifunga Ufaransa, na mwaka 2010 alilala na hasira ya Ghana baada ya mkono wa Suárez. Wakati huo alikuwa na picha pia: kuanzia miaka ya 1990 televisheni ilileta vibanda umiza, vyumba vya mabati na mabenchi ambamo unalipa kiingilio na kubanana. Hapo ndipo jambo moja lilipotea kimyakimya. Redio ya chini ya mti ilisikiwa hata na mwenye ndoo kichwani aliyekuwa anapita. Kibanda kina mlango, kina kiingilio, na mara nyingi kina wanaume watupu.

Mimi ni mmoja wa waliobaki nje ya mlango huo. Nimekulia katika nyumba ambayo redio ya Jumamosi alasiri ilikuwa ya baba na kaka zangu, na sisi wasichana tulijua matokeo kwa kutazama namna chakula kilivyopokewa. Nilipofika Mkiwa nilikuwa na umri wa kutosha kuwa bibi wa mtu, na sikuwa nimewahi kutazama mchezo wa mpira toka mwanzo hadi mwisho. Aliyenitia ndani ni mama lishe niliyekuwa nakula kwake. Mchezo wa kwanza, tarehe 17 Januari, Morocco walikuwa wametufunga mabao matatu, na kijiji kizima kilikuwa kimeamka kama kwenye msiba. Kocha Adel Amrouche akafungiwa na shirikisho la Afrika kwa maneno aliyoyasema juu ya Morocco, na timu ikakabidhiwa kwa Hemed Suleiman, ambaye jina lake la utani, kwa kejeli ya historia, ni Morocco. Mama lishe aliliona hili kuwa dalili njema. Jumapili tarehe 21 tulikuwa tunakutana na Zambia.

“Mwalimu,” aliniambia, “wewe umekuja kuuliza habari za Zambia za mwaka sabini na tisa. Zambia yenyewe ile kule. Twende.”

Tulikuwa wanawake watatu kibandani. Umeme ulikuwa wa mgao mwezi ule nchi nzima, kwa hiyo tulichangia kwanza mafuta ya jenereta, juu ya kiingilio cha shilingi mia tano. Kijana aliyekaa nyuma yangu alijipa kazi ya kunifafanulia kuotea, akitumia vifuniko vya soda kwenye benchi, na bado nadhani maelezo yake yalikuwa bora kuliko yote niliyoyasikia baadaye. Dakika ya 11 Mbwana Samatta alimpenyezea mpira Simon Msuva, na Msuva akafunga. Nilisimama. Sijui nilisema nini, lakini kijana yule alinikumbusha baadaye kwamba nilisema “tumepata”.

Karibu na mapumziko Mzambia mmoja alionyeshwa kadi nyekundu. Mama lishe akauliza swali ambalo wachambuzi wote wa redioni walilirudia kesho yake kwa maneno marefu zaidi: wakiwa kumi, sisi kumi na mmoja, tutashindwaje? Tukajibiwa dakika ya 88, Patson Daka alipopiga kichwa. Ndola walisawazishiwa wao dakika za mwisho. Miaka 44 na ushei baadaye tukasawazishiwa sisi. Nilimtazama mzee wangu, ambaye alikuwa amewekewa kiti cha plastiki pembeni. Alikuwa anatikisa kichwa taratibu kama mtu anayelipa deni la zamani. Tarehe 24, saa tano usiku, tukatoka suluhu na Kongo, tukamaliza mkiani mwa kundi kwa pointi mbili. Niliumia kwa namna ambayo sikuitarajia katika umri huu. Maumivu yale yalikuwa ya pamoja, yaani hayakuhitaji kuelezwa kwa mtu aliyekuwa jirani yangu. Zaidi ya hapo sina nadharia.

Nataka kusema neno juu ya wanawake hawa wa kibandani kabla sijaenda kwingine. Uwanja mkubwa wa mpira mjini Singida, uliojulikana zamani kama Namfua, leo unaitwa Liti, kwa jina la Liti Kidanka, mwanamke wa Kinyaturu aliyewapinga Wajerumani na ambaye simulizi zinasema aliwarushia makundi ya nyuki. Tumempa mwanamke jina la uwanja. Lakini mama lishe aliniambia kuwa hajawahi kuingia katika uwanja huo, na kwamba kibandani yeye huingia siku za Taifa Stars tu, kwa sababu siku hizo hakuna anayemuuliza amefuata nini. Siku za ligi huulizwa. Mashindano ya kimataifa, kwa maneno mengine, yalimfungulia mlango ambao klabu zetu zenye umri wa karibu karne moja hazijaufungua. Wanaomcheka kwamba hajui jina la golikipa wa akiba wangejiuliza ni nani aliyemnyima nafasi ya kulijua.

Serikali imelielewa jambo hili kwa namna yake. Machi 2019, Taifa Stars ilipoifunga Uganda mabao matatu kwa bila na kufuzu kwa mara ya kwanza tangu Lagos, Rais Magufuli aliwaita wachezaji Ikulu na kuwaahidi viwanja Dodoma. (Huko Misri tulipoteza michezo yote mitatu, ukiwamo ule wa Kenya tuliotangulia kufunga mara mbili.) Kuanzia mwaka 2023 Rais Samia Suluhu Hassan ametoa fedha kwa kila bao katika mashindano ya Afrika, kwanza kwa klabu, na wananchi wakauita utaratibu huo goli la mama. Sioni ubaya wa mchezaji kulipwa. Walioipeleka timu Lagos walistahili zaidi ya walichopata, na wengi wao walizeeka bila kukumbukwa. Ninachokitilia shaka ni dhana iliyo nyuma ya zawadi: kwamba ule “sisi” wa dakika ya 11 unaweza kuvunwa, ukabebwa nje ya kibanda na kumwagwa kwenye ghala la mtawala. Ushahidi wa kanda zangu unakataa. Mwaka 2024 mzee wa Mkiwa alisema “tulifunga” na “walituhamisha” kwa mdomo uleule, juu ya nchi ileile, na bila kuona ugumu wowote. Kuipenda timu hakukumfanya asahau. Wala kukumbuka kuhamishwa hakukumfanya aitakie timu mabaya, jambo ambalo wanaharakati wenzangu, ambao baadhi yao huona aibu kushangilia bendera, wangelitafakari pia.

Agosti 2025 mashindano ya CHAN, ya wachezaji wanaocheza ligi za nchi zao, yaliandaliwa na Tanzania, Kenya na Uganda kwa pamoja. Tulianza kwa kuifunga Burkina Faso mawili kwa bila katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, tukavuka kundi, jambo ambalo hatukuwa tumewahi kulifanya katika mashindano ya Afrika ya ngazi hiyo. Nilitazama michezo yote, sasa nikiwa nyumbani na daftari la majina pembeni. Tarehe 22 Morocco wakatutoa kwenye robo fainali kwa bao moja.

Simu yangu ililia kabla waamuzi hawajatoka uwanjani. Alikuwa mama lishe.

“Mwalimu, tumetolewa,” alisema. “Wamorocco tena. Lakini tumecheza, au siyo? Tumecheza.”

Nikakubali kwamba tumecheza. Tukalalamikia nafasi tulizopoteza. Kisha, kwa sauti ileile na bila kuvuta pumzi, akaniambia kuwa banda lake la chakula limewekwa alama ya X nyekundu kwa sababu liko ndani ya eneo la barabara, na kwamba wamempa siku za kuondoka lakini hawajasema aende wapi.

Nikamuuliza ni akina nani hao, ofisi gani, ili nijue pa kuanzia kuuliza.

“Wao tu, mwalimu,” alisema. “Wale wale.”